Senti Sita kwa Simu Moja

Agosti 2023, Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) ilitoza faini ya dola 299,997,000, kubwa kuliko faini zote ilizokuwa imewahi kutoza hadi wakati huo. Uliotozwa ni mtandao wa wapigaji wa simu za kiotomatiki, yaani simu zinazopigwa na mtambo na kucheza sauti iliyorekodiwa. Kwa miezi mitatu ya 2021 ulipiga simu zaidi ya bilioni 5, ukiuza waranti za magari.

Ukigawanya, kila simu iliadhibiwa kwa senti 6 za dola. Tukichukua dola kuwa shilingi 130 za Kenya, hiyo ni kama shilingi 8. Sheria ya Marekani ya 1991 inamruhusu aliyepigiwa kudai mahakamani dola 500 kwa simu moja haramu. Senti 6 ni asilimia 0.012 ya kiasi hicho.

Tena, kutozwa si kulipa. Gazeti la Wall Street Journal liliripoti mwaka 2019 kwamba tangu 2015 FCC ilikuwa imetoza dola milioni 208.4 kwa makosa ya aina hii na kukusanya dola 6,790. Ni dola 3 na senti 26 katika kila dola 100,000. Asiyelipa hupelekwa Wizara ya Sheria, kwa kuwa FCC yenyewe haina mamlaka ya kumdai mahakamani. Huenda kipimo hicho ni kikali mno, maana miaka ni michache. Tuseme basi inakusanywa asilimia 8: bado haifiki nusu senti kwa simu.

Njia ya pili ilikuwa kuziba mlango. Julai 2022 FCC iliagiza kampuni za simu ziache kupitisha simu za mtandao huo, na simu za waranti zikapungua kwa asilimia 99. Lakini makadirio ya kampuni ya YouMail yanaonyesha jumla ya simu za kiotomatiki ilipanda kutoka bilioni 50.3 mwaka 2022 hadi bilioni 55 mwaka 2023. Hesabu hiyo inachanganya utapeli na simu halali, kama za kukumbusha miadi ya daktari. Hata hivyo kipimo ni kilekile miaka yote miwili. Asilimia 99 ni ya ulaghai wa aina moja tu.

Tapeli huhama na kubadili jina. Lakini kampuni ya simu iliyopitisha simu zake ina usajili, anwani na wateja wa kupoteza. Faini inayolipika ni ile itakayotozwa kampuni hiyo.