Sayansi: kompyuta yajifunza kubashiri tabia ya michanganyiko ya kemia

Changanya mililita 50 za maji na mililita 50 za alkoli safi: hutapata mililita 100, bali karibu 96 tu. Chembe za vimiminika hivyo viwili huvutana na kubanana, kwa hiyo hesabu ya kujumlisha haitoshi.

Wapishi wa kanyanga huku Kivu wanajua jambo la namna hiyo kwa mikono yao. Alkoli hutangulia kuchemka, mvuke wake ukapoozwa. Lakini hata mtambo bora wa kiwanda, kwa kuchemsha peke yake, haupiti asilimia 95.6 ya alkoli kwa uzito. Hapo mvuke na kimiminika huwa sawa, na kuchemsha hakutenganishi tena.

Mhandisi anayejenga mnara wa kutenganisha vimiminika anapaswa kujua mipaka ya aina hiyo mapema, la sivyo pesa na moto vinapotea bure. Shida ni wingi: vimiminika 1,000 vinatoa jozi 499,500. Hakuna maabara inayoweza kuzipima zote.

Tangu mwaka 1975 wataalamu wanatumia mbinu iitwayo UNIFAC, inayogawa kila molekuli katika vipande na kukadiria jinsi vipande hivyo vinavyovutana. Kipande kisipokuwa na vipimo, jibu hakuna.

Mwaka 2024, watafiti wa Ujerumani na Marekani, wakiwemo Fabian Jirasek na Hans Hasse wa chuo kikuu cha Kaiserslautern, walitangaza HANNA, mtandao wa neva wa kompyuta uliofunzwa na kujaribiwa kwa vipimo 317,421 kutoka hazina ya data ya Dortmund. Ukiupa maandishi ya muundo wa molekuli mbili, unabashiri namna zitakavyoishi pamoja, kwa usahihi kuliko UNIFAC.

Jambo la pekee ni kwamba sheria za fizikia zimejengwa ndani yake. Mtandao wa kawaida unaweza kutoa jibu linalopendeza lakini lisilowezekana katika maumbile. Huu umefungwa usizivunje.

Hata hivyo, HANNA ilianzia kwenye vimiminika viwili tu. Maji ya asidi yenye shaba na kobalti, kama yale ya viwanda vya Kolwezi, ni fumbo gumu zaidi.

Programu hiyo inapatikana bure. Mwanafunzi wa kemia wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kuitumia leo, mradi akumbuke: ubashiri hupunguza kazi ya maabara, haiiondoi. Bila waliopima kwanza, kompyuta isingekuwa na cha kujifunza.