Je, Wajua? Namoya Kabla na Baada ya Kuchoronga

Je, wajua kwamba dhahabu ya Namoya, katika wilaya ya Kabambare, Maniema, mashariki mwa Kongo, ilijulikana tangu 1930? Wabelgiji waliichimba kwa miaka thelathini hivi, kwanza mitoni, kisha kwa mashimo ya chini ya ardhi, wakaacha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo kampuni ya Banro ya Kanada ilipowapeleka wajiolojia wake huko miaka ya 2000, hawakwenda kugundua chochote. Walikwenda kujibu maswali magumu zaidi: kimebaki kiasi gani, kiko kina gani, na je, kukitoa kunalipa?

Na kabla ya Wabelgiji? Misafara ya pembe ilikuwa ikitoka Ujiji, inavuka ziwa, inapita Kabambare, inaingia Kasongo, mji wa Tippu Tip, na kusonga hadi Nyangwe. Mpelelezi Cameron alipita njia hiyo 1874, Stanley akaipita 1876. Vilima vya Namoya viko kaskazini mwa njia. Wenye misafara walitaka meno ya tembo na watumwa, si mawe.

Je, wajua kuwa bati la Maniema na bati la Kyerwa, Tanzania, ni ndugu wa damu? Yote mawili yamo katika ukanda mmoja wa miamba ya kale, unaoanzia Katanga kwenye milima ya Kibara, ukapanda Maniema na Kivu, ukaishia Burundi, Rwanda na Karagwe. Yapata miaka bilioni 1 iliyopita graniti ilipenya humo ikiwa ya moto, ikaacha bati, volframu na koltani. Mjiolojia aliyefanya kazi Karagwe akishuka Kalima au Kasongo hajisikii mgeni.

Kwamba utafutaji wa dhahabu huanza mtoni na si mlimani, hilo nalo wajua? Mvua huosha vilima na kupeleka chembe bondeni. Basi watafiti huchota mchanga kila vijito viwili vinapokutana, wanaupima, kisha wanafuata kile kijito chenye dalili nyingi zaidi. Mto Luama na vijito vinavyomiminika Lualaba vimefanya nusu ya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka, bure. Dalili zikikatika ghafla mnapopanda, rudini nyuma: mmeshaupita mlima wenyewe.

Baada ya mto hufuata udongo, unaochukuliwa kwa mistari iliyopimwa. Kisha mitaro. Mwisho, mtambo wa kuchoronga, ambao ndio unaomaliza pesa.

Je, wajua safari ya jiwe la Namoya hadi Mwanza enzi za Banro? Mtambo unaleta juu mche mrefu wa mwamba, wa mviringo, unene wa sentimita 5 au 6. Unapangwa kwenye masanduku kwa kufuata kina chake, unapigwa picha, unaandikwa. Halafu msumeno wa almasi unaupasua katikati kwa urefu. Nusu moja inabaki sandukuni kwa yeyote atakayetaka kuhakikisha baadaye. Nusu ya pili, vipande visivyozidi mita 1, inafungwa kwenye mifuko na kwenda Bukavu, kilomita 225 hivi kwa mstari ulionyooka. Huko inasagwa hadi chembe chini ya milimita 2, inagawanywa, na sehemu inasagwa tena iwe unga mwororo kabisa. Gramu 150 hivi za unga huo ndizo zilizokuwa zikivuka mpaka kwenda maabara ya SGS Mwanza. Sampuli za Kongo kupimwa kando ya Ziwa Nyanza si ajabu. Migodi ya Geita na Bulyanhulu ilikuwa imeshaufanya mji huo kuwa mahali pa kupimia dhahabu.

Na maabara inafanya nini na unga ule? Hapa ndipo ninapopapenda. Inachukua gramu 50, inachanganya na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano. Ndiyo, ule ule wa chapati. Ndani ya tanuru la nyuzi joto zaidi ya 1,000, kaboni ya ngano inageuza ile oksidi kuwa risasi halisi, na risasi inayoshuka chini ya chungu inazoa kila chembe ya dhahabu njiani. Donge linalobaki linawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa au magnesia na kurudishwa motoni. Kikombe kinanyonya risasi yote, na juu yake inabaki punje ndogo inayong'aa, ya dhahabu na fedha. Inayeyushwa kwa asidi, mashine inasoma, namba inatoka. Njia hii ina karne nyingi, na hadi leo benki zikitaka uhakika zinaiuliza hiyo.

Je, wajua kwamba maabara hutegewa mitego? Katikati ya mifuko halisi watafiti huingiza sampuli isiyo na dhahabu kabisa, nyingine yenye kiwango kinachojulikana, na nyingine iliyorudiwa mara mbili. Maabara haiambiwi ipi ni ipi. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, kuna mtu au chombo kichafu mahali fulani.

Mitego hiyo ilikuwapo hata zamani, ila kuifuata ikawa lazima kubwa baada ya Bre-X. Kampuni hiyo ya Kanada ilidai kuwa Busang, Indonesia, kuna hazina isiyo na mfano. Mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa mkono, na wenye hisa wakaachwa na makaratasi. Kanada ikaja na kanuni ya NI 43-101, iliyoanza kutumika 2001: taarifa ya mashapo itiwe saini na mtaalamu anayewajibika kwa jina lake. Banro iliuza hisa Toronto, kwa hiyo hata mashimo ya Kabambare yaliandikwa kwa kanuni hiyo.

Gramu 2 kwa tani. Hicho ndicho kiwango ambacho Namoya ilihesabiwa kuwa nacho, kwa makadirio ya jumla, na ni kizuri kwa mgodi wa wazi. Gramu 2 za dhahabu hazifikii ukubwa wa nusu punje ya hindi. Ndizo zinazotafutwa ndani ya kilo 1,000 za jiwe. Kwa macho huoni kitu. Mche uliojaa kwarizi nyeupe ya kuvutia unaweza kurudi sifuri, na ule wa kijivu usio na sura ukarudi gramu 8.

Mbaya zaidi, dhahabu haikai kwa usawa. Mashimo mawili yaliyoachana mita 20 yanaweza kutoa majibu yasiyopatana hata kidogo. Ndiyo sababu makadirio hugawanywa kwa madaraja: yaliyokisiwa, yaliyoonyeshwa na yaliyopimwa, kadiri mashimo yanavyosogeleana. Mwanasiasa akitangaza kwamba wilaya yake ina tani kadhaa za dhahabu, muulize ni daraja gani na mashimo yameachana mita ngapi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Je, wajua kilichoitesa Namoya kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu? Haukuwa uhaba wa dhahabu, ulikuwa udongo. Kwenye joto na mvua za huku mwamba huoza kuanzia juu, na makumi ya mita chini unakuta jiwe limekuwa mfinyanzi. Kwa mchimbaji ni neema, hahitaji baruti nyingi. Lakini Namoya ilitegemea sana njia ya lundo: mbale iliyopondwa inarundikwa, inanyunyiziwa maji yenye sayanidi, yanapenya taratibu na kutoka chini na dhahabu. Chembe laini zikizidi, maji yanagoma kupenya. Mwaka 2014 chembe hizo zilizidi uwezo wa mtambo, na kampuni ikalazimika kubadili mpango na kuongeza mapipa yanayozungusha mbale hadi chembe zishikane, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa kwa saruji. Uzalishaji wa kibiashara ulihesabiwa kuanza 1 Januari 2016. Majina ya vilima, Mwendamboko, Kakula, Muviringu, yalikuwa kwenye ripoti kwa miaka, gramu zilijulikana. Tabia ya tope ndiyo iliyochelewa kueleweka, na hilo ni swali la utafiti kama lilivyo swali la gramu.

Ardhi nayo ina vipimo vyake. Namoya ina leseni ya kilomita za mraba 174. Sheria ya Kongo hupima maeneo kwa kare, na kare moja ni hekta 84.955, kwa hiyo leseni hiyo ni zaidi ya kare 200. Kibali cha utafutaji, kwa sheria iliyorekebishwa Machi 2018, hudumu miaka 5 na huongezwa mara moja tu kwa miaka 5 mingine.

Je, wajua kuwa mjiolojia wa kwanza wa karibu kila mlima wa Maniema ni mchimbaji wa mkono? Watafiti wa makampuni hulijua hilo vizuri. Wakifika kijijini huuliza kwanza wakrezeri, ndio hao wachimbaji wa mkono, wanachimba wapi, kisha huingia kwenye mashimo yao kuchukua sampuli. Ni haki kusema kwamba kilichomo kwenye ramani nyingi za kisasa kiliongozwa na sululu ya mtu ambaye jina lake halimo. Halafu ramani ikiisha kuchorwa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ahame.

Mvutano huo ulikuwapo Salamabila, mji ulio jirani na mgodi, na ukachanganyika na silaha. Julai 2019 wafanyakazi wanne wa Namoya walitekwa na kundi la Mai-Mai Malaika. Septemba mwaka huohuo Banro ikatangaza kusimamisha shughuli, na baadaye mgodi ukapita mikononi mwa wamiliki wengine. Hakuna shimo la kuchoronga, hata la mita 300, ambalo lingeonyesha hilo. Aina nyingine ya utafiti ingeonyesha: tangu 2009 shirika la IPIS la Antwerp, Ubelgiji, limekuwa likichora machimbo ya wachimbaji wadogo mashariki mwa Kongo, likiandika wanachimba nini, ni wangapi, na nani mwenye bunduki anatoza ushuru hapo. Kwa maoni yangu, mwekezaji anayesoma ramani ya miamba bila kusoma ile ya IPIS amesoma nusu ya ripoti.

Na kumbukumbu za utafiti za wakoloni zipo wapi? Nyingi ziko Tervuren, karibu na Brussels, kwenye Jumba la Makumbusho la Afrika. Julai 2025 serikali ya Kongo na kampuni ya Kimarekani ya KoBold Metals zilitia saini makubaliano ya awali yanayogusa pia kuziingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za kijiolojia za nchi. Makaratasi ya miaka ya 1930 yamekuwa mali tena.

Na hesabu ya mwisho, kwa wanaoishi juu ya mwamba. Wakati wa utafutaji mwenye kibali hulipa ada ya kila mwaka kwa kila kare. Mrabaha husubiri uzalishaji. Mgodi ukianza, mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5, na katika huo asilimia 15 huenda kwa serikali ndogo ya mahali hapo. Juu yake kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Kwa kila dola 1,000 ya dhahabu inayouzwa, hizo ni dola 5.25 na dola 3.