“Waliwasili” au “Walikuwa Wamekwishafika”? Lugha ya Kuelezea Umri wa Zamadamu wa Asia

Makala hii inafafanua jinsi wanasayansi wanavyokadiria wakati zamadamu walipoingia Asia kutoka Afrika. Hoja yake ni kwamba tarehe zinazotajwa si tarehe za kuwasili, bali ni ushahidi kuwa wakati huo zamadamu walikuwa wamekwishafika.

Mfano wa kwanza ni Dmanisi, nchini Georgia, kwenye mpaka wa Asia na Ulaya, ambako yamefukuliwa mafuvu matano. Yalikuwa katika mashapo yaliyotanda juu ya lava yenye umri wa takribani miaka milioni 1.85, uliopimwa kwa gesi ya argoni. Kwa hiyo, mafuvu hayo hayawezi kuwa ya kale kuliko lava. Kigezo cha pili ni usumaku wa dunia, ambao umegeuza uelekeo wake mara nyingi na kuacha alama katika miamba. Kipindi kimoja cha usumaku, kilichokoma takribani miaka milioni 1.78 iliyopita, huitwa Olduvai kutokana na korongo maarufu la Tanzania. Mashapo ya chini ya Dmanisi ni ya kipindi hicho; yenye mafuvu yalifuata muda mfupi baadaye. Ndiyo maana mafuvu hukadiriwa kuwa na miaka milioni 1.77.

Mwaka 2018, watafiti walitangaza zana za mawe kutoka Shangchen, China, walizozikadiria kuwa na miaka milioni 2.12. Mifupa ya zamadamu haikupatikana. Umri huo unategemea usumaku wa matabaka ya vumbi lililorundikwa na upepo.

Makadirio haya yakikubaliwa, kitabu kisemacho “zamadamu waliwasili Asia miaka milioni 1.8 iliyopita” kitakuwa kimekosea. Kisemacho “kufikia miaka milioni 1.8 iliyopita walikuwa wamekwishafika” kitabaki sahihi. Umbo la “-li-” peke yake hulifunga tukio katika wakati uliotajwa. “Walikuwa wamekwisha-” huacha nafasi ya ushahidi wa kale zaidi.

Tunapendekeza waandaaji wa mitaala na wahariri wazingatie mambo matatu: kutaja kilichopimwa, yaani mfupa, zana au tabaka, kutaja mbinu iliyotumika, na kuieleza tarehe kama kikomo. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu usahihi huo bila kuhitaji istilahi mpya.