Kwa baiskeli mlimani Ladybower, chunga tairi lako!

Sie tuliokulia kwenye Phoenix za kubebea mkaa, wenzetu Uingereza baiskeli kwao starehe bwana! Karibu na Sheffield kuna bwawa la Ladybower, lililozamisha vijiji viwili, Derwent na Ashopton, miaka ya 1940. Kandokando ya maji kuna njia rahisi. Juu nyikani ndio kazi: mawe, upepo na udongo mweusi wa majani yaliyooza, uliojijenga kwa maelfu ya miaka. Mvua ikinyesha, nakusihi usipite huko. Tairi moja linachimba mfereji usiozibika leo wala kesho. Tangu 1968 sheria inaruhusu baiskeli kwenye njia za farasi, ila umpishe mwenye farasi na mwenda kwa miguu. Ukilazimisha, shauri yako!