Bastola na Ala Yake

Waswahili tangu kale wana neno ala, kifuko cha kutilia kisu au upanga, na sioni sababu ya kuinyima bastola neno hilo. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hairuhusu raia kuwa na bastola bila cheti, na humtaka mwenye cheti aitunze vyema.

Sasa mtazame mwenye cheti huyo ndani ya matatu itokayo Ruiru kwenda Thika jioni. Abiria wamebanana, koti limepanda mgongoni. Bastola iliyochomekwa kiunoni hivi hivi, au iliyotiwa katika kifuko laini cha kitambaa, huchomoka mwenyewe asijue, au mkono wa mwizi ukaifikia kabla ya wake. Kuanzia hapo ni silaha ya jambazi.

Mwalimu atauliza, hili lanihusu nini? Siku ya wazazi shuleni, mzazi ainamapo kumwinua mtoto, silaha hiyo imo kiunoni mwake.

Ala ifaayo hufunika kifyatulio chote, kisije kikaguswa na ufunguo au upindo wa shati. Tena huikamata bastola, ama kwa kuibana, ama kwa kishikizo kifunguliwacho kwa kidole gumba. Kishikizo kikiwa kizito kufungua chini ya koti, mwenyewe atakiacha wazi daima. Kwa hiyo mimi ningechagua ala ibanayo, yenye kulabu imara ya mshipi. Atakaye kuijaribu aondoe risasi zote, ahakikishe mara mbili, aitie bastola, kisha aipindue ala na kuitikisa juu ya godoro. Ikidondoka, airudishe dukani.