MITA IKISEMA 7, JE, NI KWELI?
Jinsi ya kutumia na kutunza vipimo vya maji na vya sukari ya damu



Bila shaka umewahi kumwona mhudumu wa maji akichovya kijiti chenye ncha ya kioo ndani ya kikombe cha maji ya tangi, akasubiri kidogo, kisha akaandika namba kwenye daftari. Pengine wewe mwenyewe, au jirani yako mwenye ugonjwa wa kisukari, umechomwa kidole kituoni na tone la damu likawekwa kwenye stripu ya kupimia. Vifaa hivi viwili ni ndugu. Kila kimoja kina sensa inayogeuza kemia kuwa umeme mdogo sana, na mashine hugeuza umeme huo kuwa namba.

Namba hiyo ndiyo tunayoiamini. Hutumika kuamua namna ya kutibu maji kwa klorini, au kipimo cha insulini cha mgonjwa. Tatizo ni kwamba sensa ikiharibika, mara nyingi namba haitoweki. Inaendelea kuonekana vizuri, lakini si ya kweli. Makala haya yanaeleza jinsi ya kugundua hali hiyo na kuizuia.

Mfano wa Zone Industrielle, Bujumbura

Wengi wenu mmepita Bujumbura na mnaifahamu Zone Industrielle, eneo la viwanda na maghala. Viwanda hutumia kemikali. Soda kali ya kutengenezea sabuni au kuoshea matangi hufanya maji yawe na alkali nyingi. Tindikali za kusafishia mitambo hufanya kinyume chake. Sehemu ya maji machafu ya jiji hupelekwa kwenye mabwawa ya kusafishia ya Buterere, na mengine hufuata mitaro na mito hadi Ziwa Tanganyika. Na katika ziwa hilo hilo ndimo REGIDESO inamochota maji ya kunywa ya jiji.

Kwa hiyo, wanaopima maji huanza na kipimo kinachoitwa pH. Kipimo hiki kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni tindikali: maji ya limau huwa karibu na 2. Juu ya 7 ni alkali: maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe, hata pasipo uchafu wa kiwanda, huwa karibu na 9. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, nchini Denmark. Kila hatua moja ni mara kumi. Mita ikikosea kwa namba 1 tu, imekosea mara kumi.

pH inahusu nini na kipindupindu?

Klorini huua vijidudu vya kipindupindu, lakini nguvu yake hutegemea pH. Maji yakiwa na pH 7.5, karibu nusu ya klorini iliyo huru majini huwa katika hali yake kali. Yakifika 9, ni sehemu 3 hivi tu katika 100. Iliyobaki ipo, lakini inafanya kazi polepole. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri pH iwe chini ya 8, na klorini ikae majini angalau dakika 30 na kubaki miligramu 0.5 kwa lita. pH ikiwa juu zaidi, maji yanahitaji muda mrefu zaidi kabla ya kugawiwa.

Tusisahau yaliyotokea Kagunga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, mwezi wa Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika kwa makumi elfu mahali padogo, na kipindupindu kikashika watu zaidi ya 3,000. Maji salama ni kinga ya kwanza.

Sasa fikiria mita mbovu. Ncha ya sensa ya pH ni tufe dogo la kioo chembamba sana. Tufe likipata ufa, mita huonyesha karibu 7 katika maji yoyote yale. Mhudumu anasoma 7, anafurahi, anahesabu dakika 30 na kufungua bomba. Kumbe maji ni ya ziwa, pH yake ni 9, na klorini haijamaliza kazi. Namba inayotuliza moyo kuliko zote ndiyo inayopaswa kuchunguzwa kwanza.

Sensa inafanyaje kazi?

Kioo cha tufe kikiwa na unyevu, hujenga utando mwembamba unaohisi tindikali na alkali. Kila hatua moja ya pH hutoa umeme wa milivolti 59 hivi katika joto la nyuzi 25. Kioo kikikauka, utando huo huharibika. Mita inakuwa nzito kujibu na inakosea. Kikiwa na mafuta au chokaa, hali ni hiyo hiyo.

Hatua za kufuata

1. Sawazisha mita kila siku kabla ya kupima. Tumia bafa mbili, yaani maji maalumu ambayo pH yake inajulikana. Anza na bafa ya 7. Kwa maji ya ziwa ongeza bafa ya 10. Kwa chemchemi yenye tindikali ongeza bafa ya 4.

2. Hakikisha mita inatofautisha bafa. Ikionyesha karibu 7 katika bafa zote mbili, huenda tufe lina ufa au waya umekatika. Usiitumie.

3. Suuza sensa kwa maji yaliyokenekwa kila unapotoka kwenye maji mamoja kwenda mengine. Usisugue kioo. Gusisha karatasi laini ili inyonye matone.

4. Chovya, koroga taratibu, kisha subiri namba itulie. Usiandike namba inayotembea.

5. Pima na joto la maji, kwa sababu umeme wa sensa hubadilika na joto.

6. Ukimaliza, rudisha kifuniko chenye maji ya kuhifadhia, ambayo ni chumvi ya potasiamu kloridi. Usiihifadhi kamwe ndani ya maji yaliyokenekwa. Yanafyonza chumvi ya sensa.

7. Bafa iliyotumika imwagwe. Usiirudishe kwenye chupa. Bafa ya 10 huharibika haraka ikiachwa wazi, kwa sababu hewa huishusha.

Sensa iliyokauka iloweshwe usiku kucha katika maji ya kuhifadhia, kisha ijaribiwe tena kwa bafa. Yenye mafuta isafishwe kwa sabuni laini ya maji. Sensa huzeeka hata ikitunzwa. Nyingi hudumu mwaka mmoja hadi mitatu.

Mita ikikataa, tumia kisanduku cha rangi chenye tembe za fenoli nyekundu. Hiki husoma kati ya 6.8 na 8.2 tu. Rangi ikifika mwisho wa juu, usiandike 8.2, andika "8.2 au zaidi" na umjulishe msimamizi.

Na kipimo cha sukari je?

Stripu ya sukari ina kimeng'enya kinachoshambulia sukari ya damu na kutoa umeme. Sukari nyingi, umeme mwingi. Lakini haijui sukari hiyo imetoka wapi. Ukimenya embe kisha ukachomwa kidole bila kunawa, namba itapanda, na unaweza kupewa insulini usiyoihitaji. Hiyo ni hatari kwa maisha.

Kwa hiyo:
- Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke vizuri.
- Stripu zibaki ndani ya kopo lake lililofungwa. Joto na unyevu huziharibu. Nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 30.
- Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Tazama kizio. Vituo vingine huandika milimoli, vingine miligramu. 7 kwa milimoli ni sawa na 126 kwa miligramu. Ukihama kambi, beba kadi yako yenye kizio kilichoandikwa.
- Namba isipolingana na unavyojisikia, omba kupimwa tena.

Wewe unaweza kufanya nini?

Daftari la mita lina mistari miwili ya kila siku: namba za bafa asubuhi, na namba za maji. Kamati ya maji ya mtaa wenu ina haki ya kuomba kuliona. Mstari wa bafa ukiwa mtupu, namba za maji za siku hiyo hazina ushahidi. Uliza kwa upole, wala usiogope kuonekana mjuaji. Mhudumu mwema atafurahi kukuonyesha, na wanaokunywa maji hayo ni watoto wako na wake pia.