KUSIMAMISHA MASIKIO NA KUTEGA SIKIO

Katika masomo ya Kiingereza tunakutana na msemo huu: "prick up your ears". Wengi wetu mara moja tunaandika: kutega sikio. Ni sawa? Ni karibu sawa, lakini si sawa kabisa, na tofauti ile inaweza kuharibu tafsiri nzima, na pointi zikaenda.

Tuangalie kwanza mbwa aliyelala mbele ya lupango. Anasinzia, masikio yamelegea. Mtu agonge mlango kidogo tu, masikio hayo, juu! Sikio la mbwa lina misuli zaidi ya 10 ya kuligeuza. Waingereza walitoa msemo wao kwa wanyama wa namna hii, na farasi naye yumo. Shakespeare, katika mchezo wake The Tempest wa mwaka 1611 hivi, anaonyesha walevi waliosikia ngoma ndogo wakasimamisha masikio kama wana-farasi wasiojua bado kupandwa. Hapa Bukavu si mji wa farasi, mbwa anatosha.

Sasa Kiswahili. Juu ya nini tunasema kutega? Juu ya mtego. Tunatega panya, tunatega ndege, tunatega sikio. Na Kifaransa kinatuunga mkono kabisa: "tendre un piège" ni kutega mtego, "tendre l'oreille" ni kutega sikio. Neno ni moja! Ule wa mbwa wetu Wafaransa wanauita "dresser l'oreille", msemo mwingine mbali. Kumbe Mwingereza anatazama mnyama, na sisi tunatazama mwindaji.

Basi mnyama anashtuka, mwindaji anangoja. Tukipita sokoni Nyawera katika makelele yote yale, mtu akataja jina letu nyuma ya mafungu ya sombe: hapo ndipo pa "prick up". Lakini mvua ikipiga mabati, na sisi tunajikaza saa nzima kumsikia mwalimu, hapana, ile ni kutega sikio. Kwa Kiingereza tuandike "listen hard" ao "strain to hear". Mtu akiandika kwamba alisimamisha masikio toka wimbo wa kwanza mpaka mwisho wa mahubiri, Mwingereza atacheka tu.

Na masikio yetu sisi watu? Hayasimami. Lakini misuli midogo kandokando ya sikio tunayo bado, na wengine wanaweza hata kuyachezesha (jaribuni, lakini si wakati wa somo). Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, walitangaza kwamba mtu akisikiliza sauti itokayo upande fulani, misuli ya sikio la upande ule inafanya kazi zaidi. Ni kidogo sana, na mwenye sikio mwenyewe hana habari.